Maswali ya Sauti: Kayamba linalosikika kabla halijapigwa

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Sakina, Arusha. Tulirekodi nyimbo zetu kanisani: makayamba mawili, ngoma, tarumbeta nne na waimbaji. Kwenye kompyuta ya kijana aliyeturekodia kila kitu kilikuwa safi. Kisha akatutengenezea MP3 ndogondogo ili wanakwaya wafanyie mazoezi kwenye simu bila kumaliza bando. Humo ndimo makayamba yameharibika. Kabla ya kila pigo nasikia kama mchanga unamwagwa, "fshsh", ndipo pigo lenyewe linakuja, tena butu. Tumemsema mpigaji, tumebadilisha maiki, bado. Ajabu ni kwamba tarumbeta ziko sawa kabisa. Tatizo ni nini?

Marahaba, mwalimu. Kwanza mwombeni radhi mpigaji wa kayamba, kisha rudisheni maiki ya mwanzo. Nimezifungua faili zote mbili ulizotuma, WAV (rekodi ambayo haijabanwa) na MP3. Kwenye WAV huo mchanga haupo. Umezaliwa wakati wa kubana faili. Na wewe mwenyewe umeshika nusu ya jibu uliposema tarumbeta ziko sawa, kwa sababu maiki mbovu haichagui ala.

MP3 haihifadhi wimbi la sauti jinsi lilivyo. Inakata kipande kifupi cha muziki, wenyewe wanakiita dirisha, na kujiuliza: ndani ya kipande hiki, masafa (yaani kasi ya mitikisiko ya sauti) ya chini yana nguvu kiasi gani, ya kati kiasi gani, ya juu kiasi gani? Majibu yanatoka kama orodha ya namba. Namba hizo ndizo zinazokadiriwa, nyingine kwa uangalifu, nyingine kibabe, kutegemea programu inadhani sikio litagundua nini. Faili inakuwa ndogo kwa sababu ya makadirio hayo, na makosa yake yanageuka kuwa kelele.

Sasa angalia kelele hiyo inakwenda wapi. Ile orodha inasema masafa gani yamo dirishani, lakini haina safu ya kueleza pigo lilitokea mwanzoni mwa dirisha au mwishoni. Basi faili inapochezwa, kosa la ukadiriaji linasambaa dirisha zima, kama tone la wino kwenye khanga mbichi. Kama dirisha lilikuwa kimya karibu lote na kayamba likapigwa mwishoni mwake, kelele inakwenda kukaa kwenye ule ukimya uliotangulia. Huo ndio mchanga wako. Wahandisi wanauita mwangwi wa kabla. Kuujaribu hupenda kutumia kastaneti, zile mbao za Wahispania zinazogongwa kiganjani. Wangekuwa na kayamba wangelitumia.

Kelele inayokuja baada ya pigo haitusumbui sana. Sauti kubwa ikishalia, sikio huzibwa kwa milisekunde mia na zaidi, na vitu vidogo hupita bila kusikika. Kabla ya pigo sikio husamehe milisekunde chache tu.

Utaniuliza, si wakate madirisha madogo, mambo yaishe? Hapa ndipo tarumbeta zinapokataa. Kule Machame, asubuhi ya Juni yenye baridi, tarumbeta huanza chini ya noti mpaka zipashwe joto kwa pumzi. Mbili zikipishana kidogo unasikia sauti inayumba: waa, waa, waa. Moja ikiwa 440 Hz (mitikisiko 440 kwa sekunde) na ya pili 442 Hz, inayumba mara mbili kwa sekunde. Ili usikie yumbo moja zima, sharti usubiri nusu sekunde. Mtu akikukatia kipande cha mia moja ya sekunde akuulize kama ni noti moja au mbili, hutajua, hata uwe na sikio la popo, kwa kuwa habari yenyewe haijamaliza kufika. Anayetaka kujua masafa kwa undani lazima asikilize kwa muda mrefu, na anayetaka kujua pigo limetua saa ngapi lazima asikilize kwa muda mfupi. Huwezi kufanya yote mawili ndani ya dirisha moja, na hakuna kompyuta yenye nguvu ya kukutoa hapo.

Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen na wenzao, walioijenga MP3 mpaka kanuni yake ikachapishwa mwaka 1993, walilijua hili vizuri. Wakaipa madirisha ya aina mbili. Kwa sauti yenye sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kama ya CD, dirisha refu linafunika milisekunde 26 na fupi linafunika karibu 9. Programu ya kubana inachungulia mbele kidogo. Ikiona pigo kali linakuja inahamia madirisha mafupi, likipita inarudi kwenye marefu.

Mbona basi kwenye faili yako haikusaidia? Angalia taarifa za hiyo MP3: kilobiti 48 kwa sekunde, na sampuli 22,050. Kijana wako aliomba faili ndogo, na pengine hata hakugusa mahali pa sampuli. Baadhi ya programu zikiona umeomba biti chache hupunguza sampuli zenyewe bila kukuuliza. Tatizo ni kwamba dirisha la MP3 halipimwi kwa saa, linapimwa kwa idadi ya sampuli. Dirisha refu ni sampuli 1,152, iwe zinapita haraka au polepole. Ukizipunguza sampuli za kila sekunde kwa nusu, dirisha lilelile linarefuka mara mbili kwa saa ya ukutani: refu linafika milisekunde 52, na hata lile fupi la kuokoa kayamba linafika 17. Hapo hakuna sikio litakalosamehe. Juu ya hayo, sampuli 22,050 haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya takriban 11,000 Hz, na sehemu ya mng'ao wa mbegu za kayamba iko huko. Ndiyo maana unasikia pigo butu. Tarumbeta nguvu zake ziko chini zaidi, na noti zake zinakaa muda mrefu, kwa hiyo dirisha refu limezipendelea.

Fanya hivi. Rudi kwenye WAV, usiibane upya hiyo MP3 kwa sababu mchanga umeshaingia na hautoki. Mwambie kijana aandike 44,100 kwenye sampuli kwa mkono wake, na kilobiti 128. Wimbo wa dakika nne utakuwa chini kidogo ya megabaiti nne, wakati huo wa sasa ni kama moja na nusu, na WAV yenyewe ni zaidi ya arobaini. Kama bando ni la kubana sana, fanya mono badala ya stirio. Mtu wa sauti ya tatu anayefanya mazoezi jikoni hahitaji kujua tarumbeta ilikaa kulia au kushoto, na kwa mono unaweza kupunguza kilobiti karibu nusu bila kulinyima kayamba haki yake. Au tumia AAC, zile faili za m4a, ambazo simu za siku hizi zinazicheza. Dirisha lake fupi ni chini ya milisekunde 6. Tena ina mbinu ya ziada, inaitwa TNS: inakisia kila namba ya orodha kutokana na zile za jirani zake, na matokeo yake kelele hulazimika kupanda na kushuka pamoja na sauti yenyewe hata ndani ya dirisha refu. Kelele inajikusanya chini ya pigo badala ya kulitangulia.

Na kijana asije akakuuzia kilobiti 320 kama dawa ya kila ugonjwa. Biti nyingi hazifupishi dirisha. Zinapunguza kiasi cha kelele inayosambaa ndani yake. Mara nyingi hilo linatosha, lakini ni jambo lingine.

Shikamoo maza. Naandika kutoka Ngarenaro, natengeneza midundo. Nimewahi kusikia kwamba MP3 ina madirisha marefu na mafupi. Mimi muziki wangu ni makofi, snea na hai-hati mwanzo mwisho. Kwa nini programu isitumie mafupi muda wote tukamaliza?

Marahaba chalii yangu. Unaweza kuilazimisha. Programu ya kubana MP3 iitwayo LAME, ambayo ni ya bure, ina amri ya kuyakataza mafupi na nyingine ya kutumia mafupi matupu. Jaribu zote mbili kwa mdundo mmoja kwenye kilobiti 128, halafu sikiliza kwa hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Makofi yako yatanyooka. Lakini ile kinanda uliyoitandaza chini, na besi, na sauti ya binti anayeshikilia noti kwenye kiitikio, vyote vitaanza kukwaruza.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Kila sampuli 576 mpya zinazoingia (madirisha hupandiana, ndiyo maana ni nusu ya zile 1,152), MP3 inatoa namba 576, kwa njia yoyote ile. Ikitumia dirisha refu, hizo ni ngazi 576 za masafa kwa wakati mmoja. Ikitumia mafupi, ni ngazi 192 kwa nyakati tatu. Namba hazikuongezeka, zimepangwa upya tu: ulichopata kwenye muda umekilipa kwenye masafa. (AAC hivyohivyo, 1,024 kwa mkupuo, au 128 mara nane.)

Gawanya sasa 22,050 Hz kwa ngazi hizo. Kwenye refu kila ngazi ina upana wa kama 38 Hz, kwenye fupi kama 115. Noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda, ukihesabu na zile nyeusi, zinapishana kwa karibu asilimia 6. Kwa hiyo dirisha refu linaweza kuzitenganisha noti jirani kuanzia kama 640 Hz kwenda juu. Fupi linaanza kufanya hivyo huko 1,930 Hz, ambako waimbaji wako wengi hawafiki. Chini ya hapo noti mbili zinaangukia ngazi moja. Kelele ya ukadiriaji nayo inajaza ngazi nzima, pana kuliko kivuli cha noti iliyotakiwa kuificha.

Kuna na gharama. Noti ya kinanda iliyotulia, kwenye dirisha refu inajaza ngazi chache na nyingine zote zinabaki karibu na sifuri, na sifuri hazili biti. Kwenye mafupi matatu unalipia habari ileile mara tatu. Biti zinazoishia hapo ndizo ambazo makofi yangezihitaji.

Mtihani wako wewe ni kwamba kofi na kinanda vinalia pamoja, na programu lazima ichague upande mmoja kwa wakati huo. Hapo ndipo programu mbili zinatofautiana hata kwa kilobiti zilezile, maana kanuni ya MP3 inaeleza jinsi ya kuifungua faili, haimwambii mtu jinsi ya kuchagua dirisha. Ukisikia rafiki yako anasema "128 ni 128 tu", muulize ilibanwa na nini.

Kama unataka kuliona jambo hili kwa macho, fungua wimbo wako kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, geuza mchoro wa wimbi uwe mchoro wa masafa, kisha ingia kwenye mipangilio ubadilishe ukubwa wa dirisha. Weka 256: makofi yanasimama kama nyuzi nyembamba za wima, na noti zinakuwa mikanda minene isiyosomeka. Weka 8192: noti zinakuwa mistari myembamba ya kulala, na kila kofi linanenepa kama limepakwa kwa brashi. Huna haja ya kuniamini mimi, chezea hapo katikati mpaka mkono uchoke, hutapata namba inayovinyoosha vyote viwili.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Moshi, mchepuo wa PCM. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kanuni ya Heisenberg. Je, hii ya madirisha ni ileile? Na sikio la binadamu nalo limefungwa nayo?

Hesabu ni ileile, maana ni tofauti. Heisenberg mwaka 1927 alikuwa anazungumzia mahali na mwendo wa chembe, kwamba huwezi kuvijua vyote viwili kwa usahihi kamili. Aliyeileta kwenye mawasiliano na sauti ni Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyefanyia kazi Uingereza, katika andiko la mwaka 1946. Huyu ndiye baadaye alipata Nobel ya fizikia ya 1971, ila ile ilikuwa ya holografia, picha za pande tatu. Alionyesha kwamba ukizidisha mtawanyiko wa mawimbi kwenye muda na mtawanyiko wake kwenye masafa, jibu haliwezi kushuka chini ya moja gawanya kwa nne pai, yaani kama 0.08. Pigo lenye mtawanyiko wa milisekunde 5 haliwezi kuwa na mtawanyiko wa masafa ulio chini ya kama 16 Hz. Kokotoa mwenyewe, ni mstari mmoja.

Kuhusu sikio, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Sikio halitumii dirisha moja kwa masafa yote. Kwenye besi linagawa kwa mikanda myembamba, upana wa kama 100 Hz, kwa hiyo linajua noti vizuri na muda vibaya. Juu ya 500 Hz hivi mikanda inapanuka, karibu moja ya tano ya masafa yenyewe, na hapo linakuwa jepesi wa muda. MP3 ina ngazi zenye upana uleule kutoka chini hadi juu, na hilo ni moja ya mambo yanayoifanya ihangaike: kwenye besi ngazi za dirisha lake fupi ni pana kuliko mikanda ya sikio, na juu ambako kayamba linaishi dirisha lake refu ni refu mno. Mwaka 2013 Oppenheim na Magnasco wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, walichapisha majaribio wakionyesha watu wanaotambua muda na masafa kwa pamoja kuuzidi mpaka wa Gabor, wengine kwa mbali, hasa wanamuziki. Mpaka haukuvunjwa. Unahusu uchambuzi wa mstari mnyoofu, yaani ule ambao sauti mbili zikijumlishwa majibu yake nayo hujumlishwa tu, na sikio halifanyi kazi kwa njia hiyo. Lakini ukitengeneza kodeki (kanuni ya kubana na kufungua sauti) inayofuata hesabu za Fourier, zile za kugawa sauti kwa masafa, ukawaandalia wasikilizaji wa namna hiyo, ujue wanakuzidi mbinu.

Habari za kazi, dada. Nauza spika za bluetooth Kiboriloni. Mteja alisema bluetooth inaharibu ngoma. Ni kweli?

Salama, kaka. Si kwa njia ya huu mchanga. Kodeki ya kawaida ya bluetooth, SBC, imekwenda upande wa pili kabisa: mara nyingi inagawa sauti mikanda 8 tu, kila mmoja zaidi ya 2,700 Hz. Kwa masafa ni kipofu, kwa muda ni mwepesi, na inafidia upofu wake kwa kutumia biti nyingi, zaidi ya kilobiti 300 kwa sekunde ikiwa kwenye kiwango cha juu. Ngoma zinapita vizuri. Muulize mteja wako faili aliyokuwa anacheza ilitoka wapi.

Shikamoo. Natokea Njiro, Arusha. Nikirekodi mahubiri kwa voisi noti ya WhatsApp yanasikika vizuri sana, lakini nikirekodi kwaya ikiimba inakuwa kama iko kisimani. Simu yangu imeharibika?

Marahaba, simu yako ni nzima. Voisi noti inatumia Opus, kanuni ya mwaka 2012, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoshughulikia suala la madirisha kwa akili kuliko zote. Ilijengwa kwa mazungumzo, kwa hiyo haina nafasi ya kusubiri sana: kwa kawaida inafanya kazi kwa vipande vya milisekunde 20. Kwa muziki, pigo likitokea inaweza kukikata kipande hicho vipande vinane vya milisekunde mbili na nusu. Tena inaweza kuamua mkanda kwa mkanda, huku juu tusikilize muda, huku chini tusikilize noti, jambo ambalo chalii wa Ngarenaro angelipenda. Ila kwenye voisi noti imepewa biti chache, na inaelekea imewekwa kwenye mtindo wa maneno, ambao unakisia koo na mdomo wa mtu mmoja anayesema. Kwaya ya watu arobaini na tarumbeta si koo moja.

Rekodi kwaya kwa programu ya kawaida ya kurekodi iliyomo kwenye simu. Kisha uitume WhatsApp kama waraka, pale penye alama ya kuambatisha faili. Ikienda hivyo inafika jinsi ilivyo, bila kubanwa tena. Mahubiri endelea kuyarekodi kwa voisi noti.